Dawa Niliyoipeleka Migato

Niliajiriwa kuuza dawa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilizaliwa Mkula, kule Usukumani. Ndivyo alivyoniambia mkuu wa mauzo aliponisaili Mwanza. Alitaka mtu wa kuzunguka upande wa Bariadi ambaye akisimama mbele ya wazee wa huko hatahitaji mkalimani. Kabla ya hapo nilikuwa dirishani kwenye hospitali ya wilaya, nahesabu vidonge na kuvifunga kwenye vipande vya gazeti, na niliamini maisha yangu yote yataishia pale.

Kampuni ilikuwa ya wageni, ikataifishwa, ikawa ya umma. Ofisini tuliitana ndugu. Lakini kuuza kulibaki kuuza. Kila mwezi tulipangiwa lengo, na mwisho wa mwezi majina yetu yalibandikwa ubaoni, aliyeuza zaidi juu, wa mwisho chini. Nilipewa Land Rover kuukuu, mkoba wa ngozi wa kubebea sampuli, kalenda na kalamu za kugawa. Mkuu wa mauzo alinifundisha nisihangaike na mgonjwa, nimtafute anayetia sahihi kwenye oda. Mgonjwa, alisema, atameza atakachokikuta.

Niliiweza kazi ile. Nilijua kukaa na mganga wa zahanati nikamsikiliza akilalamikia mvua na pamba hadi mwenyewe aulize nimeleta nini. Niliwaamkia wazee kwa Kisukuma, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana hadi jioni, nikauliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watu. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumeza kidonge maishani mwake, aliponiona mara ya kwanza na tai shingoni alicheka sana, kisha akamwita jirani aje anione. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilitaka jina langu likae juu ya ule ubao, na kwa muda mrefu sikutaka kitu kingine.

Kisha ukaja mwaka wa uhaba. Klorokwini haikutosha, penisilini ilikuja kidogo kidogo, na waganga wa zahanati walinipokea kwa kuniuliza kama nimewaletea chochote. Katikati ya uhaba huo bohari yetu ilijaa dawa moja tu, dawa ya maji ya kuzuia kuhara. Ililetwa na meli, shehena nzima, na sijui hadi leo nani aliiagiza. Ilikuwa tamu, ya rangi ya waridi. Kila chupa ilikaa ndani ya boksi lake pamoja na kijiko kidogo cha plastiki na karatasi iliyokunjwa. Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza, lugha niliyoisoma bila shida. Ilisema kwamba dawa hupunguza mwendo wa utumbo, na kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili.

Niliipeleka kwa mkuu wa mauzo.

"Ndugu, wanaoharisha kule vijijini wengi ni watoto wachanga. Hapa wanasema wasipewe."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Karatasi hizi huandikwa kwa ajili ya mawakili wa kwao. Dawa ina tarehe yake ya mwisho na bohari imejaa. Kauze."

Nikaenda kuuza. Nyumbani nilikuwa na binti wa miezi minane. Alipoharisha, mke wangu aliniomba chupa moja kutoka kwenye mkoba. Nilimwambia amchemshie maji, ayatie chumvi na sukari kidogo. Hakuniuliza kwa nini, nami sikujieleza, hata kwa nafsi yangu mwenyewe.

Pale Bariadi mjini mteja wangu wa kwanza siku zote alikuwa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko. Alikuja zamani kutoka Kondoa kuuza nguo, baadaye akaongeza dawa za kawaida, aspirini, dawa za kikohozi, mafuta ya kuchua. Hakuwa na cheti chochote, lakini alikuwa mwangalifu kuliko wengi wenye vyeti. Nilipoweka chupa ya rangi ya waridi mezani aliigeuza, akaifungua, akainusa.

"Inafanya nini tumboni?" aliuliza.

"Inazuia kuhara, Alhaji. Mara moja tu, mtu anapona."

"Nimekuuliza inafanya nini. Kile kichafu kilichokuwa kinatoka kinakwenda wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitoa ile karatasi, akaitazama, akanirudishia. "Nisomee."

Nilimsomea kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Alichukua chupa chache, na baadaye nikajua aliwauzia watu wazima tu, kwa sababu, alisema, hakupenda jinsi nilivyosoma.

Chupa chache za Alhaji zisingenipandisha ubaoni. Kilichonipandisha ni maduka ya vijiji. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao wakapangwa kwenye vijiji vipya, nyumba mistari kwa mistari, na kila kijiji kilitakiwa kuwa na duka lake la pamoja. Maduka mengi ya watu binafsi yalikuwa yanafungwa. Nilikwenda kwa afisa wa wilaya aliyeshughulikia orodha ya bidhaa za maduka hayo, nikampa kalenda, nikamwambia kwamba taifa linalojenga vijiji haliwezi kuacha watoto wa vijiji hivyo wafe kwa kuhara wakati dawa ipo. Maneno hayo niliyatunga njiani. Alinisikiliza, akachukua kalamu, akaiweka dawa yangu kwenye orodha baada ya sabuni na kabla ya viberiti. Kwa mstari huo mmoja, dawa ya maji ilikwenda kila kijiji cha wilaya, ikauzwa na watu waliojua kupima chumvi na mafuta ya taa.

Nilipata barua ya pongezi na nikapandishwa cheo. Nilipopita kwa Alhaji kumwonyesha barua, nilikuta anafunga mizigo. Duka lake pia lilikuwa limeambiwa lifungwe.

"Umefanya kazi kubwa, bwana mdogo," alisema. "Sasa huko vijijini nani atawauliza umri wa mtoto?"

Nilimsaidia kubeba mizani yake hadi nje.

Mvua za mwaka ule zilianza vibaya. Zilinyesha siku tatu mfululizo, zikakata, zikarudi. Katika vijiji vipya vyoo vilikuwa bado havijachimbwa vya kutosha, na watu walichota maji kwenye lambo lilelile walilonyweshea mifugo. Watoto walianza kuharisha. Oda zilikuja ofisini kwa mfululizo, na jina langu lilikaa juu ya ubao mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Siku moja nilikuta ujumbe Bariadi. Mkunga wa zahanati ya Migato aliomba yule kijana wa dawa apite kwake. Nilimfahamu. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyezalisha watu wengi wa kata ile na sasa alikuwa akizalisha watoto wao. Nilidhani anataka sampuli. Nilifika mapema mchana, gari likiwa limejaa tope jeusi hadi milangoni.

Hakunikaribisha kiti. Alinipeleka chumba cha ndani. Kitandani alilala mtoto wa kiume, mwaka mmoja hivi. Kando yake waliketi wanawake wawili, mama yake, msichana wa miaka kumi na minane au tisa, na mama mkwe wake, bibi wa mtoto. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Alikuwa haharishi tena. Kuhara kulikuwa kumekoma siku mbili zilizopita. Alipumua mara moja, tukasubiri, akapumua tena.

Mkunga alimfunua jicho kwa kidole. "Tazama mboni," aliniambia. "Zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kuhara hakufanyi hivi. Huyu ni wa nne. Wale watatu waliletwa wakiwa wameshachelewa, nikaandika kuhara. Huyu mama yake amekuja na chupa mkononi."

Chupa ilikuwa dirishani. Rangi ya waridi ilikuwa imebaki kidogo chini.

Yule msichana alisimama aliponiona na tai yangu. Alidhani mimi ni daktari. Alipiga goti kidogo jinsi wanawake wa kwetu wanavyoamkia, akasema, "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," nilimjibu, yaani mama.

"Dawa nilimpa kama muuza duka alivyosema. Asubuhi na jioni. Alipokuwa bado anaharisha nikaongeza ya mchana. Je, nilikosea kipimo?"

Mkunga alinitazama. Alikuwa ameniita kwa ajili ya swali hilo, nadhani, ingawa hakujua kama litatoka kwa mama mwenyewe. Nilikuwa na jibu. Ningeweza kulisema kwa sentensi moja, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Badala yake nikasema, "Huenda ni kijiko. Vijiko vya nyumbani ni vikubwa."

Msichana alifungua mdomo kisha akaufunga. Bibi wa mtoto hakumtazama mkwewe. Alimtazama mtoto tu, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa hivyo.

Mkunga alinishika mkono, akanitoa nje. Alisema, "Una gari. Mpeleke hospitali ya misheni. Maneno yako tutayazungumza baadaye."

Tuliondoka sote, mimi, msichana na mtoto wake mbele, bibi nyuma pamoja na maboksi ya sampuli. Niliendesha kwa kasi ambayo barabara ile haikuiruhusu. Tulipofika kwenye mto tulikuta maji yamefunika kivuko. Ng'ombe walikuwa wamesimama upande wa pili wakisubiri kama sisi. Nilizima injini. Nilishuka, nikachomeka fimbo kwenye ukingo kuona kama maji yanapungua. Yalipungua, lakini polepole sana. Mara mbili nilirudi garini, na mara zote mbili mtoto alikuwa bado anapumua. Mara ya tatu msichana alikuwa amemfunika uso kwa kanga.

"Turudi," alisema.

Hakulia mbele yangu. Bibi ndiye aliyelia, na katikati ya kilio chake nilisikia kwa Kisukuma akisema kwamba mtoto ameuawa na kijiko. Nilikuwa nimeshika usukani. Nilisikia, nikaelewa, nikaendelea kuendesha.

Niliporudi Mwanza niliandika ripoti ya kurasa mbili. Niliandika kuhusu umri, tumbo, mboni, na vifo vingine vitatu alivyovitaja mkunga. Mkuu wa mauzo aliisoma akiwa amesimama.

"Watoto hawa walikuwa wanaharisha?"

"Ndiyo, ndugu."

"Na kuhara kunaua?"

"Kunaua, lakini..."

"Basi walikufa kwa kuhara. Ukiandika vinginevyo unaandika kwamba shirika la umma linaua watoto wa wakulima. Unajua hayo ni maneno ya namna gani siku hizi?"

Aliikunja ripoti, akaiweka mfukoni mwake, hakuiweka kwenye jalada. Nilitoka mle ndani nikiwa na hofu, na hofu ile haikuwa ya watoto. Niliogopa kurudishwa dirishani kuhesabu vidonge.

Sijui hasa ni nini kilichonifanya nirudi Bariadi wiki iliyofuata na gari tupu. Pengine ni mkunga, ambaye alimtuma mtu kuniambia kwamba wa tano amefika. Nilianza kupita kijiji kwa kijiji kuziondoa chupa. Katika duka la kwanza nilisema ukweli, kwamba dawa hii inaweza kumuua mtoto mdogo. Muuza duka alinishangaa.

"Ndugu, si wewe uliyesimama hapo ukasema inaokoa?"

"Ni mimi."

"Watu wanaipenda. Nikiitoa watasema nimeificha niwape jamaa zangu."

Alikataa kabisa kunipa. Kijiji cha pili nikabadilisha maneno. Nilisema shehena imeharibika kwa joto na serikali imeagiza irudishwe. Hapo walinikabidhi bila neno, wakanisaidia hata kupakia. Kwa hiyo nilizitoa kwa uongo kama nilivyoziingiza. Alhaji, aliyekuwa bado hajaondoka mjini, alinipa stoo yake iliyokuwa wazi nyuma ya duka lililofungwa, na siku mbili tulishinda pale tukizifungua na kumwaga shimoni. Katika kazi hiyo yote alizungumza mara moja tu. Aliuliza kama ile karatasi ilikuwa na mstari ambao sikumsomea. Nikasema ndiyo. Akaendelea kufungua chupa.

Nilifanya hivyo bila ruhusa ya ofisi, na ofisi ilijua kabla sijamaliza. Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa upande wa dawa za binadamu. Nilihamishiwa dawa za mifugo, hasa dawa za majosho ya kuulia kupe. Nilishukuru kwamba sikufukuzwa. Nasema nilishukuru kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Majosho yalinirudisha Migato, miezi minane hivi baadaye. Nilikwenda zahanati nikamuuliza mkunga habari za yule msichana.

"Hayupo," alisema. "Walimrudisha kwao. Walisema hawawezi kukaa na mwanamke asiyejua kupima dawa. Ng'ombe za mahari wamezidai na wamezipata."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Waliniuliza kwa nini daktari mwenye tai alisema kijiko."

Alinielekeza Lamadi, kwa mama yake mdogo. Nilimkuta kando ya ziwa anaanika dagaa mchangani. Alikuwa amekonda, lakini alinitambua hata kabla sijamwamkia. Nilimweleza yote nikiwa nimechuchumaa mbele yake, karatasi, mstari, bohari, orodha. Alinisikiliza huku anageuza dagaa.

"Nilimpimia kwa kile kijiko kilichokuwa ndani ya boksi," alisema nilipomaliza.

"Najua."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua kwamba kila boksi lina kijiko chake."

Ndege walikuwa wanavizia dagaa. Akawafukuza kwa kitambaa. "Nilitaka kusema pale pale," alisema. "Nikafikiri, huyu ni daktari, labda kijiko chenyewe ndicho kibaya. Nikarudi nyumbani nikakipima kwa maji, mara nyingi. Sasa nenda ukawaambie wao. Mimi umeniambia."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Baba wa mume alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kijana wake ameshaoa mwingine na mwanamke yule ana mimba. Ng'ombe wamesharudi na wengine wameshatoka tena. Alinihurumia, nadhani, kwa safari niliyoifanya. Alipokuwa ananisindikiza aliniuliza kama ile dawa ya kupe ninayouza sasa ni salama kwa ndama, nami nikamweleza kwa kirefu namna ya kuichanganya, kiasi cha maji, umri wa ndama, yote. Aliniambia wabeja, asante, na akaagiza.

Nilipanda cheo tena kupitia mifugo. Nilikuwa mkuu wa mauzo wa kanda kabla sijafika miaka arobaini, na vijana wapya waliletwa kwangu niwafundishe. Niliwasomesha karatasi za dawa mstari kwa mstari, kwa sauti, na nadhani waliniona mzee mwenye kuchosha. Sikuwaambia sababu. Miaka mingi baadaye waraka wa mistari miwili uliondoa dawa ile ya maji kwenye orodha ya nchi, bila maelezo yoyote. Mkunga alikuwa ameshafariki. Alhaji alikuwa amerudi Kondoa. Nilifikiria kwenda Lamadi, hata nikaandaa gari, lakini niliambiwa yule mwanamke aliolewa na mvuvi wakahamia visiwani, na hakuna aliyejua kisiwa gani.

Binti yangu sasa ni muuguzi. Mwaka jana aliniuliza kwa nini nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na dawa ya kuzuia kuhara wakati baba alikuwa anauza dawa. Mama yake alikuwepo, akaacha kukuna nazi, akanitazama. Niliwaambia, wote wawili. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza binti yangu alinyanyuka akaenda uani, na mke wangu akaendelea kukuna nazi, akiwa amenipa mgongo.